Alama Kumi za Jibu Lisilo Sahihi

Niliwahi kukaa kwenye semina ya saa sita nzima ambayo ujumbe wake mkuu ulikuwa kwamba mwalimu asizungumze sana darasani. Sitanii. Mkufunzi Mkuu wa mbinu za kufundisha alisimama mbele ya ukumbi na bango kitita lake, lile la karatasi kubwa za kufunua, akaongea peke yake, akamaliza chupa tatu za maji, akatuambia maswali tuyaweke hadi mwisho, na mwisho ulipofika akasema muda umekwisha. Watu walimpigia makofi. Mimi sikuwa mwalikwa. Nilikuwa nimeitwa kukaza miguu ya lile bango iliyokuwa ikiyumba, nikashindwa kutoka kwa sababu yeye alikuwa amesimama kati yangu na mlango.

Mimi ni fundi seremala wa chuo cha ualimu. Karakana yangu iko nyuma ya jengo la utawala, chumba kimoja chenye meza ya kazi, dirisha lisilofungika na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi zangu. Natengeneza zana za kufundishia: saa za mbao ambazo mishale yake inazungushwa kwa kidole, maua yanayofunguka vipande vipande, na keki za mbao. Keki ya mbao ni duara la ukubwa wa sahani lililokatwa nusu, theluthi, robo na kadhalika, ili mtoto aone sehemu kwa macho yake. Miaka kumi na saba nimeishi na watu wanaofundisha kufundisha. Ningetengeneza viti kama wao wanavyotengeneza walimu, nchi nzima ingekuwa inakaa sakafuni.

Mkufunzi Mkuu tulimwita Duara. Kila tatizo la elimu unalompelekea, dawa yake ni moja: pangeni viti duara, maana kwenye duara hakuna mkubwa wala mdogo. Ofisini kwake kuna meza kubwa niliyoitengeneza mimi, nyuma yake kiti kirefu, mbele yake kiti cha mgeni. Hicho cha mgeni alinirudishia ndani ya wiki, akaniagiza nikate miguu yake vidole vinne. Nikakata. Tangu siku hiyo kila anayeingia pale kuomba jambo huomba magoti yakiwa karibu na masikio.

Ng'ambo ya ua wa chuo kuna shule ya mazoezi. Ni shule ya msingi kama nyingine, ila watoto wake ndio wanaofanyiwa mazoezi. Kila mwaka wanachuo sitini wanavuka ua, na kila mmoja anafundisha somo moja mbele ya mkaguzi mwenye fomu. Sasa niambie, mwanachuo mwenye akili timamu atachagua somo gumu? Anachagua lenye zana nzuri. Anakuja kwangu, anaazima keki ya mbao, anakwenda kufundisha theluthi na robo. Darasa la nne la shule ile lilikuwa limefundishwa somo hilo hilo mara ishirini na tatu tangu watoto wakiwa la pili. Najua idadi kwa sababu keki ikirudi mimi ndiye ninayeifuta chaki.

Watoto wale walikuwa wanalijua somo kuliko walimu. Mwanachuo akisahau hatua inayofuata, mtoto wa mbele anamnong'oneza, "Mwalimu, sasa hivi ni makundi." Akichelewa kusifia, wanamsubiri wamekunja mikono.

Tatizo lilikuwa fomu. Fomu ina mistari kumi na miwili, na mstari wa saba unasema: Namna mwalimu anavyoshughulikia jibu lisilo sahihi. Alama kumi. Haya, jibu lisilo sahihi litatoka wapi kwenye darasa lililofundishwa kitu kimoja mara ishirini na tatu? Wanachuo walikuwa wanafundisha, watoto wanajibu sawasawa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na mwalimu anatoka na sifuri kwenye mstari wa saba kwa kosa la kuwa na darasa linalojua. Popote pengine duniani wangeibadilisha fomu. Sisi tulitafuta mtoto wa kukosea.

Mtoto huyo alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu.

Ilianza akiwa la pili. Mwanachuo mmoja aliuliza kati ya theluthi na robo ipi kubwa, mpwa wangu akanyoosha mkono akasema, "Robo, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu." Yule mwanachuo nusura amkumbatie. Akamrekebisha kwa upole, akaweka kipande cha theluthi juu ya kipande cha robo, darasa likapiga makofi, mkaguzi akaandika kumi. Kesho yake wanachuo wanne walikuwa mlangoni wanauliza, "Yule mtoto wa jana ni nani?" Kuanzia hapo ikawa kazi yake. Walimkalisha safu ya tatu karibu na dirisha, mahali ambapo mkaguzi anamwona vizuri. Mwanachuo mwenye somo anakuja wakati wa mapumziko na biskuti au kalamu, wanapatana. Shule nzima ikamwita Bi Kosa.

Na mimi, mjomba wake, nikavimba kichwa. Nilikuwa nawacheka wote, Duara na fomu yake na wanachuo wake, na nilifurahi kwamba anayewachezesha ni damu yangu. Dada yangu ni mshonaji na tunakaa nyumba moja, kwa hiyo mtoto akitoka shule alikuwa anakuja karakanani kunisubiri. Hapo tulifanya mazoezi. Nilimwambia asikosee haraka, watu watamshtukia. Aangalie juu kwanza. Aume penseli. Mkono aunyanyue nusu, kama mtu asiye na hakika, kisha jibu alitoe kwa sauti ya kujiamini. Nilikuwa mwanachuo, nilikuwa mkaguzi, nilikuwa Duara mwenyewe na tumbo lake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Miaka miwili tulicheka hivyo.

Wiki mbili kabla ya mtihani wa taifa wa darasa la nne nilikuwa natengeneza rafu ya maktaba, mkono wangu mmoja umebana ubao na mwingine umeshika gundi. Ubao ulikuwa wa sentimita themanini na nne, nautaka nusu mbili.

"Mpwa wangu, chukua tepu unipigie alama katikati. Nusu ya themanini na nne."

Alivuta tepu, akaweka alama kwenye hamsini.

Nikacheka. "Bi Kosa, hapa hakuna mkaguzi. Weka ya kweli."

Alifuta, akaniangalia usoni, akaweka alama kwenye sitini. Akaniangalia tena. Penseli ikaanza kurudi nyuma polepole, sitini, hamsini na tano, hamsini, na macho yake hayakuwa kwenye ubao hata kidogo. Yalikuwa kwangu. Alikuwa anatafuta mahali ambapo uso wangu utalegea.

"Acha utani, gundi inakauka."

"Sifanyi utani, mjomba."

"Basi nusu ya themanini na nne ni ngapi?"

Akaangalia juu. Akauma penseli. Nilitaka kucheka tena, maana alifanya vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Ndipo akaiweka penseli mezani.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kujua. Hata ile ya kwanza, nilipokuwa la pili, sikukosea makusudi. Nilidhani ni robo kweli. Wakapiga makofi, nikadhani nimepata."

"Na baadaye? Si walikuonyesha?"

"Walikuwa wanawaonyesha wengine. Mimi wakishaniambia nimejaribu vizuri, wananiacha. Nikisema sijui, wanacheka, wanasema leo umeanza mapema."

Nilikata ule ubao mwenyewe na niliukata vibaya.

Kwa wasiojua: asiyefaulu mtihani wa darasa la nne harudii darasa katika shule ya mazoezi. Shule ile haitaki watoto wa kuishushia wastani. Unapewa barua, unahamishiwa shule nyingine iliyo mwendo wa saa nzima kwa miguu, yenye watoto mia moja na kumi chumba kimoja. Na mtoto anafika huko akijua jambo moja tu kuhusu nafsi yake, kwamba yeye ni wa kukosea. Hilo ndilo lililoninyima raha.

Kesho yake nikaenda kwa mwalimu wake wa darasa, mwanamke mchangamfu, mpole, ambaye hajawahi kumkasirikia mtu. Nikaomba kuona daftari la hesabu. Akanipa. Ukurasa baada ya ukurasa majibu yalikuwa ovyo, na chini ya kila ukurasa, kwa wino mwekundu, pamechorwa uso unaotabasamu na maneno: Bi Kosa hapumziki!

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Si ni mazoezi yake ya kukosea? Ana bidii huyu mtoto, hata nyumbani anaendelea. Mimi huwa nacheka peke yangu nikisahihisha."

"Hajui hesabu, Mwalimu."

Akanipiga begani. "Fundi na wewe! Utani umeurithisha ukoo mzima."

Ikabidi niende kwa Duara. Nikakaa kwenye kile kiti nilichokikata miguu, nikaanza kueleza nikiwa nimechuchumaa kama mtu aliye chooni. Alinisikiliza vidole vyake vikiwa vimekutana ncha kwa ncha.

"Fundi, kwanza tusirekebishe mtoto, turekebishe lugha. Siku hizi hatusemi mtoto hajui. Tunasema yuko njiani kuelekea kujua."

"Yuko njiani tangu la pili, Mkufunzi. Gari limeharibika?"

Hakucheka. "Nadharia inatuambia kosa ni daraja. Anayekosea ndiye anayejifunza. Kwa hesabu hiyo, mpwa wako ndiye mwanafunzi aliyejifunza kuliko wote."

Nikamwangalia nione kama anatania. Alikuwa anaamini. Ndiyo hatari ya watu wale: ukiwakuta wanadanganya unaweza kuwakamata, lakini wao hawadanganyi.

"Mwondoeni kwenye hiyo kazi," nikasema. "Mtu akae naye amfundishe. Zimebaki wiki mbili."

"Alhamisi ijayo anakuja mtahini kutoka makao makuu. Chuo kizima kitapimwa kwa somo moja. Sasa Bi Kosa nimtoe leo? Baada ya Alhamisi tutaunda kamati ndogo."

"Na mtihani wake ni Jumatatu inayofuata."

"Basi kamati itakuwa na siku tatu," akasema, akasimama kunionyesha mlango.

Nyumbani nilimweleza dada yangu huku nikifoka. Nilimtukana Duara, nikamtukana mwalimu na nyuso zake za kutabasamu, nikaitukana fomu mstari kwa mstari. Dada yangu alikuwa anatia uzi kwenye cherehani. Hakuninyanyulia hata macho.

"Umemaliza, kaka?"

"Sijamaliza."

"Mimi nashinda kwenye cherehani. Nilikuwa naona wino mwekundu umechora mtoto anacheka, nikajua mambo yake ni mazuri. Wewe umekaa naye kila jioni miaka miwili. Una futi, una mbao, una penseli sikioni. Na ulichomfundisha ni kuuma penseli." Akakata uzi kwa meno. "Endelea kutukana, mimi nina sare tano za kushona."

Sikuendelea.

Kuanzia kesho yake karakana ikawa darasa, na nakuambia, mwalimu mbaya kuliko wote niliowacheka alikuwa mimi. Nilisimama mbele ya mtoto mmoja nikaongea kana kwamba ninahutubia uwanja. Niliuliza mwenyewe, nikajibu mwenyewe, nikapandisha sauti. Kila nilipouliza "Umeelewa?" alisema ndiyo, kwa sababu uso wangu ulikuwa unataka ndiyo. Siku ya tatu nilipiga meza ya kazi kwa ngumi, naye akajikunyata. Koo lilinikauka, nikaketi kwenye gogo nikanywa maji, nikanyamaza. Sikunyamaza kwa busara. Nilikuwa nimechoka.

Katika ule ukimya akachukua uzi wangu wa kupimia, ule wa pamba tunaoupaka chaki kupiga mistari. Akaunyosha juu ya ubao toka ncha hadi ncha, akaukata. Akaukunja, ncha ikagusa ncha. Akauweka tena juu ya ubao, akaona uzi umeishia katikati. Akaweka alama. Akageuza uzi upande wa pili kuhakikisha. Hakuniangalia.

"Nusu ni kukunja," akasema, akijiambia mwenyewe.

Akaukunja tena. "Hii ndiyo robo?" Nikatikisa kichwa kukubali, lakini alikuwa ameshajua, alikuwa anahesabu vipande. Theluthi ilimsumbua nusu saa nzima, uzi haukubali kukunjika tatu kirahisi, na mimi niliukalia mkono wangu nisimpokonye. Alipoipata alikata uzi wa kila moja, akaziweka zote tatu sambamba juu ya meza, nusu, theluthi na robo, akazitazama muda mrefu.

"Mjomba, robo ni ndogo!"

"Eeh."

"Kumbe vikiwa vingi vinakuwa vidogo!" Akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimemfundisha.

Liliniuma kulikubali, lakini Duara alikuwa amesema kweli kwenye semina ile. Mwalimu asizungumze sana. Alikuwa na ukweli mkononi saa sita nzima na hakuwa na muda wa kuutumia.

Siku zilizobaki tulifanya kazi kwa uzi, kisha kwa tepu, kisha kwa kichwa. Hakuwa gwiji. Themanini na nne ilimchukua muda kabla ya kuwa arobaini na mbili. Lakini alikuwa anaangalia ubao, haangalii uso wangu, na mimi kwangu hilo lilikuwa kubwa kuliko jibu. Jumatano nikamwambia, "Kesho wakikuuliza, jibu unachokijua."

"Na Jasho je?"

Jasho ndiye mwanachuo aliyeteuliwa kufundisha mbele ya mtahini, kijana mwema aliyelowa shati kila alipofikiria fomu. Wakati wa mapumziko siku ile alikuwa amempelekea biskuti pakiti nzima na kumwambia, "Bi Kosa, kesho usiniangushe." Mpwa wangu alizipokea akazitia kwenye mkoba.

"Jasho anajua hesabu," nikamwambia. "Ukipata, atafurahi."

Nilisema hivyo, na niliamini.

Alhamisi viti vilipangwa duara. Nilikuwepo, kwa sababu bango kitita lilikuwa bado linayumba na Duara alinitaka nisimame pembeni nishike mguu mmoja. Mtahini alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani kwenye ncha ya pua na kalamu iliyokuwa inatembea hata mtu asiposema kitu. Mpiga picha wa chuo alikuwa amepiga goti karibu na dirisha, kamera imeelekezwa kwenye kiti cha mpwa wangu, maana aliambiwa mapema picha iko wapi.

Jasho alianza vizuri. Utangulizi, wimbo, keki ya mbao. Andalio lake la somo lilikuwa mezani karibu nami, na niliweza kulisoma. Hatua ya tano ilikuwa imepigiwa mstari: Bi Kosa anajibu. Narekebisha kwa upole. Makofi.

"Haya, wanafunzi wapenzi," akasema Jasho, shati limeshamganda mgongoni. "Kati ya theluthi na robo, ipi kubwa?"

Mikono yote ikanyooka, akaizungushia macho kama anayechagua, akamchagua aliyekwisha kuchaguliwa.

Mpwa wangu alisimama. Hakuangalia juu. Hakuuma penseli.

"Theluthi," akasema. "Kwa sababu kitu kikigawanywa kwa watatu, kila mmoja anapata kikubwa kuliko kikigawanywa kwa wanne."

Alilisema wazi, kila mtu alisikia. Watoto wawili watatu waligeuka kumtazama.

Jasho akatabasamu lile tabasamu la mstari wa saba. "Si sahihi," akasema kwa upole mkubwa, "lakini umejaribu vizuri sana. Nani atamsaidia mwenzetu?"

Yule mtoto ambaye siku nyingine hukaa mbele akaruka juu kama anavyoruka siku zote hatua ya tano. "Theluthi, mwalimu!"

"Sahihi kabisa! Tuwapigie makofi wote wawili, aliyejaribu na aliyesaidia!"

Darasa likapiga makofi. Duara akapiga makofi. Mtahini akaandika, akageuza ukurasa, akaandika tena. Kamera ikawaka. Mpwa wangu alibaki amesimama, akageuza shingo kunitafuta mimi, na aliponipata nilikuwa napiga makofi.

Naapa sikujua. Mguu wa bango ulikuwa umeniponyoka, mikono ilikuwa imeshika njia yake kama ilivyozoea miaka kumi na saba kwenye kila semina. Nilipoiona nikaisimamisha. Nilikuwa na mdomo. Mdomo huu haujawahi kukosa la kusema juu ya mtu yeyote, na pale ambapo maneno mawili tu yalihitajika, mtoto amepata, ulikaa umefungwa kwa sababu kulikuwa na mgeni. Mpwa wangu akaketi.

Baada ya somo Jasho alinifuata nje, amelowa chapachapa, ana kumi kwa kumi. "Fundi, yule mtoto alisemaje? Nilikuwa nawaza hatua ya sita."

"Alisema theluthi."

Akaangalia nyuma, akashusha sauti. "Tafadhali, usimwambie mtahini."

Njiani kwenda nyumbani mpwa wangu alitembea hatua mbili mbele yangu.

"Mjomba, theluthi ni ndogo?"

"Hapana. Theluthi ni kubwa. Ulipata."

"Mbona ulipiga makofi?"

Nikaharakisha nimfikie, naye akaharakisha.

Ijumaa asubuhi ukaja ujumbe kutoka kwa Duara. Chuo kilikuwa kimefaulu. Mtahini alikuwa ameandika kwamba katika kazi yake yote hajaona kosa la mtoto likishughulikiwa kwa utu kiasi kile. Picha ingesafishwa kubwa, itundikwe kwenye lango la kuingilia, na mimi nitengeneze fremu. Ya mbao nzuri, alisema. Vipimo viliambatishwa. Kuhusu kamati ndogo hapakuwa na neno.

Jioni mpwa wangu alikuja karakanani kama kawaida, akakaa kwenye gogo. Nilikuwa nimeuweka mezani ubao wa fremu, sentimita tisini na sita, nautazama tu. Akainuka bila kuambiwa. Akachukua tepu, akapima. Midomo ikacheza kidogo. Hakugusa uzi.

"Unataka nusu?"

"Nusu."

"Arobaini na nane," akasema, akaweka alama. Kisha, kabla sijasema lolote, akayainua macho kutoka kwenye ubao akayaleta usoni kwangu, yale macho ya zamani, ya kupima. "Au na hapa nikosee?"

Jumatatu ndiyo mtihani. Nilitaka kumwambia mambo mengi, nikaanza hata kufungua mdomo. Nikachukua msumeno nikampa upande wa mpini.

"Kata ulipoweka alama."

Alikata polepole, ulimi nje, mimi nimeshikilia ncha ya ubao tu. Vipande viliachana. Akavisimamisha pamoja juu ya meza, akapitisha kidole juu kutoka hiki hadi kile, akarudisha, na kidole hakikukwama popote. Alisimama hapo anavitazama, na hakuniangalia kabisa.

Mikono yangu ikanyanyuka yenyewe, ikataka kugongana. Nikaitia mfukoni.